Herufi Nene ya Oz Cooper: Mafunzo Niliyopata

Ukiingia kwenye kazi ya mabango, stika, fulana na vifungashio, utakutana nayo mapema. Ni ile herufi nene, laini, isiyo na kona kali hata moja, inayokaa ukutani kama mtu aliyeshiba vizuri. Jina lake ni Cooper Black. Imekuja pamoja na programu za ofisi za Microsoft kwa miaka mingi, na ndiyo maana kibanda chochote cha kuchapa karatasi, cha Kariakoo au cha Kongowea, kinayo hata kama mwenye kibanda hajawahi kuitafuta. Mimi nimeipaka kwa brashi, nimeisugua kutoka kwenye karatasi, nimeikata kwa kisu kwenye stensili, na siku hizi naichagua kwa kubofya kama kila mtu. Wewe unayetaka kufungua ofisi yako ya usanifu, pokea niliyoyaokota njiani.

1. Ni ya zamani kuliko unavyodhani

Niliingia kazini nikiamini kwamba herufi hii ilizaliwa miaka ya 1970, pamoja na bugaluu na viatu vya raizoni. Nilikuwa nimeiona kwenye majalada ya santuri, basi nikaiweka kwenye fungu hilo. Kisha mpiga chapa mmoja mzee, aliyepanga herufi za risasi tangu ujana wake, akanifungulia kitabu cha vielelezo vya herufi na kuweka kidole kwenye mwaka: 1922. Nilimwambia, "Mzee, hapa wamekosea." Akanijibu, "Kaa chini usome, mwanangu."

Nikakaa. Oswald Cooper, ambaye wenzake walimwita Oz, alizaliwa mwaka 1879 katika jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Coffeyville, Kansas. Alikwenda Chicago kujifunza kuchora picha za vitabu na magazeti katika shule ya Frank Holme. Huko akamkuta Frederic Goudy akifundisha uchoraji wa herufi, na mkono wa Cooper ukapata njia yake. Mwaka 1904 alishirikiana na Fred Bertsch kufungua ofisi yao, Bertsch & Cooper, na kwa miaka mingi kazi yake ikawa kuchora kwa mkono maneno ya matangazo ya biashara. Hakuwa mtu wa kutengeneza seti za herufi za kuuza. Kiwanda cha kusubu herufi cha Barnhart Brothers & Spindler, hapo hapo Chicago, ndicho kilichomwomba atengeneze. Seti ya kwanza ilitoka mwaka 1919. Ile nene ilifuata mwaka 1922, na wenye matangazo wakaigombania. Wapiga chapa wa kihafidhina walinung'unika kwamba weusi ule umezidi, lakini haikusaidia. Mwaka 1925 hata Goudy, mwalimu wake, alitoa herufi nene ya kushindana nayo, Goudy Heavyface, kwa kampuni ya Monotype.

Hilo la mwalimu kumfuata mwanafunzi lilinishangaza kuliko yote. Tangu siku ile, mteja akiniambia anataka "kitu cha kizamani", namuuliza: zamani ipi? Cooper Black ikichapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi ya rangi ya maziwa, ikiwa na fremu nyembamba kandokando, inaleta tangazo la gazeti la miaka ya 1920. Ikivaa chungwa na kahawia, herufi zikibanana, ni disko la mwaka 1975. Umbo ni moja, kilichobadilika ni unavyolivisha. Msanifu asiyejua hili huchanganya enzi mbili kwenye bango moja, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakikai sawa ingawa hawezi kukitaja.

2. Tundu la ndani ndilo linalosomwa

Mama mmoja aliyeuza supu na chapati karibu na stendi aliniletea kipande cha bati nimwandikie jina la mgahawa wake. Jina lilitoka vizuri, limejaa, linaonekana toka mbali. Akafurahi, akaniambia, "Fundi, na bei uziandike kwa herufi hizo hizo." Nikaziandika, ndogo, chini ya jina. Tulipovuka barabara kuangalia, jina lilikuwa likiita watu, lakini orodha ya chakula ilikuwa safu ya madoa meusi. Herufi e ilikuwa imefumba, a nayo imefumba, na "chapati" ungeweza kuisoma kwa sababu tu ulishajua kwamba pale wanauza chapati.

Tazama kwa makini jinsi Cooper alivyounenepesha mwandiko wake. Unene umekwenda nje, na umekwenda ndani pia. Tundu la a na la e limebaki mwanya mwembamba tu. Herufi ikiwa kubwa, mwanya huo ndio unaoipa uhai. Ikiwa ndogo, wino unauziba, rangi inauziba, na vumbi la barabarani linamalizia kazi. Sasa angalia na tundu la o: halikusimama wima, limelala kidogo kuelekea nyuma, namna lingelala kama o hiyo ingeandikwa kwa kalamu ya ncha pana. Kutokana na mlalo huo herufi nzito hivi inaonekana inacheza. Ukiziba tundu unapoteza mchezo, unabaki na uzito peke yake.

Kwenye karatasi siitumii chini ya pointi 18. Kwenye ukuta sina namba; nakwenda kusimama pale atakaposimama msomaji, na kama sioni mwanga ndani ya e, naikuza au naiacha. Bei za yule mama zilihamia kwenye herufi nyembamba zisizo na vijiguu, vile vimistari vidogo vya nchani mwa herufi, na jina lake likabaki peke yake juu. Bango lilipendeza zaidi kwa kuwa na sauti mbili, moja ya kuita na nyingine ya kueleza. Hata leo nikiona bango limeandikwa lote kwa herufi hii, kuanzia jina hadi namba ya simu, najua mchoraji hakuvuka barabara.

3. Jaribu herufi kwa Kiswahili, usiijaribu kwa mifano ya wenyewe

Kabla ya kompyuta kuenea tulitumia karatasi za kusugulia za Letraset, kampuni ya Uingereza. Herufi zilikuwa zimegandishwa nyuma ya karatasi angavu. Unaiweka juu ya kazi, unasugua taratibu kwa kitu butu, na herufi inahamia chini. Zilikuwa ghali, na joto la Pwani lilizipasua, kwa hiyo tulizitunza kama nyaraka muhimu. Cooper Black ilikuwa mojawapo ya tulizozitafuta sana.

Shida ilikuwa hesabu. Idadi ya kila herufi kwenye karatasi ilifuata mahitaji ya lugha za Ulaya: e tele, t tele, s tele. Sisi tunaandika "Karibuni katika maadhimisho ya harakati za akina mama wa mtaa", na kabla ya kufika nusu, a zimekwisha. K zinafuata. Zinabaki q na x, ambazo hatuna pa kuzipeleka. Ofisini tulikuwa na bahasha nzima ya karatasi zilizochakaa, zimejaa q na x, na hakuna aliyethubutu kuzitupa.

Basi tukabuni. Ukikosa u, unaigeuza n kichwa chini. Kwenye herufi nyembamba za kawaida ujanja huo ulipita bila mtu kugundua. Kwenye Cooper Black haukupita hata siku moja. Ile n iliyogeuzwa ilikaa kwenye neno ikiwa na vijiguu vyake vilivyovimba juu, bega lake zito limeshuka chini, na neno zima likapepesuka. Tukajaribu d kuwa p, hali ikawa ile ile. Mwanzo nilikasirika. Nilipoziweka n na u halisi bega kwa bega ndipo nikaona: huyu bwana hakuchora herufi moja akaizungusha kupata nyingine. Kila moja aliitafutia mizani yake. Hata mstari wa chini zinapokanyaga haukunyooka, kwa kuwa kila mguu una duara lake. Kumbe herufi niliyoiona ya kitoto ilikuwa imechorwa kwa uangalifu kuliko zile zilizojionyesha za heshima.

Ndiyo maana nakuomba usichague herufi kwa kuangalia vielelezo vya wanaoiuza. Wachoraji wa herufi wa Ulaya hujaribia kazi zao kwa neno lisilo na maana, Hamburgefonstiv, kwa sababu limekusanya maumbo wanayoyahitaji. Lugha yetu ina maumbo yake. Ina a kila mahali, ina k na w na m na y, ina mw na kw na ny zinazofuatana. Katika herufi nene, m na w ni pana mno, hivyo neno kama "mwanamwali" linatandaa kuliko macho yako yalivyotarajia. Mimi hujaribu kwa sentensi hii: Mkwe wangu yuko ng'ambo. Iandike kubwa, itundike, itazame kesho yake asubuhi. Kama bado inakupendeza, fonti hiyo inafaa kwa watu wetu.

4. Heshimu alama ya ng'

Hili ni fupi lakini linaniuma. Nimeona mabucha mengi yaliyoandikwa "nyama ya ng'ombe" kwa kutumia ile alama ya pembeni ya kibodi, iliyolalia upande usio wake, au kijiti kilichonyooka kisichofanana na kitu chochote kilichokizunguka. Kwenye maandishi madogo ya kitabu jicho linapita. Kwenye Cooper Black alama hiyo inakuwa kubwa kama tone la asali, na mtu akikosea umbo lake, kosa linaonekana toka ng'ambo ya barabara. Ndani ya fonti hii kuna alama yake maalumu, nene na iliyopinda, yenye kichwa cha duara na mkia unaoelekea chini. Itafute, iweke, kisha isogeze ikaribiane na g ili isiache shimo katikati ya neno. Nimewahi kutumia asubuhi nzima kwa alama moja tu ya bango la bucha, na mwenye bucha alilipa bila kuuliza kwa nini nimechelewa. Aliona tofauti ingawa hakuijua ilipo.

5. Neno moja linatosha

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinijia na karatasi iliyojaa: wauzaji na wasambazaji wa saruji, nondo, mabati, misumari, rangi za aina zote, jumla na rejareja, karibuni nyote. Alitaka yote kwa herufi nene, juu ya mlango, na mlango wenyewe ni wa kawaida. Sikubishana naye. Nilipima, nikamwonyesha kwenye karatasi herufi zitakavyotoka, ndogo kama za gazeti. Kisha nikakata neno moja kwa karatasi ya manila, NONDO, likijaza upana wote wa mlango, nikalibandika kwa gundi ya muda ili aone ukubwa tu. Kabla sijashuka ngazi, mtu aliyekuwa akipita na mkokoteni alisimama akauliza bei ya nondo za milimita 12. Mwenye duka akanitazama. "Fundi, acha hivyo hivyo."

Kiswahili chetu kinapenda maneno marefu, yanayobeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. Herufi hii nayo inapenda nafasi. Vikikutana hivyo viwili, lazima kimoja kipunguzwe, na kisiwe ukubwa wa herufi. Wenye biashara wakubwa wanalijua hilo. Shirika la ndege la easyJet lilipoanza safari mwaka 1995 kutoka Luton, Uingereza, lilichukua Cooper Black kwa jina lake, likalipaka rangi ya chungwa, na ubavuni mwa ndege likaandika namba ya simu ya kukatia tiketi, kubwa kupindukia. Lilikuwa likiuza nauli nafuu, na herufi iliyoonekana nyepesi ya roho ingawa nzito ya mwili iliusema unafuu huo bila maelezo. Jina na namba basi. Mteja wako akikuletea orodha, mwulize ni neno gani mpita njia akiliona ataingia ndani. Hilo lipe Cooper Black. Mengine yapangie herufi ya kawaida pembeni.

6. Bana kwa kiasi, na ujue unachapa juu ya nini

Herufi za risasi zilikuwa na mwili mgumu, na mwili huo hauruhusu jirani kusogea kupita mpaka. Ilipokuja teknolojia ya kupanga herufi kwa picha, na zile karatasi za kusugulia, mipaka ikavunjika. Wasanifu wa miaka ya 1960 na 1970 waliigundua upya Cooper Black, wakazisogeza herufi hadi zikagusana. Tazama jalada la santuri ya bendi ya Beach Boys, Pet Sounds, la mwaka 1966: ule ukanda wa juu wenye maandishi ndio uliowafundisha vijana wengi kwamba herufi hii inakaa vizuri ikibanana. Na kweli inakaa. Maduara yanaingiana, neno linakuwa kitu kimoja.

Ila kitambaa si karatasi. Timu ya mpira ya mtaani kwetu iliwahi kuniletea fulana za pamba za kuchapa kwa skrini, na nilipochapa ya majaribio, wino ulitambaa kwenye nyuzi na herufi zilizokuwa zikikaribiana kwenye skrini ya kompyuta zikawa zimeshikana kabisa. Nilizilegeza kidogo, nikachapa tena, ikakaa. Chapa moja kwanza kila wakati.

7. Ucheshi wake una joto ndani

Nilikuwa na kanuni: herufi hii ni ya sherehe, biashara na watoto. Kwenye kadi ya kumuaga mwalimu mkuu, sawa. Kwenye tangazo la zahanati, kwa uangalifu. Kwenye msiba, hapana kabisa. Niliwafundisha hivyo vijana wote waliopita mkononi mwangu.

Halafu akafariki mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu aliyefuga vichekesho. Alikuwa kondakta wa daladala enzi zake, na mtoto yeyote aliyepanda basi lake alishuka anacheka. Wanawe walikuja kuagiza fulana za mazishi. Nikawaonyesha herufi za heshima, zile nyembamba zenye vijiguu vikali. Binti yake mkubwa akazitazama muda mrefu, akasema, "Shikamoo, mzee wangu, naomba usikasirike. Hizi siyo baba." Akaonyesha kidole bango la zamani nililokuwa nimelitundika ukutani, lenye Cooper Black. "Baba ni hizi."

Nilisita, nikachapa alivyotaka. Jina lake la utani, rangi ya samawati iliyokolea kwenye fulana nyeupe, bila pambo lolote. Siku ya mazishi niliona watu wakisoma vifuani mwa wenzao, wakilia na huku wakitabasamu. Sijawahi kuona kazi yangu ikimfikia mtu namna ile. Kumbe nilikuwa nimelichanganya suala la furaha na suala la utani. Maumbo ya mviringo yanasema ukaribu kwanza, kicheko kinafuata baadaye. Panapokuwa na ukaribu wa kweli herufi hii inaweza kuingia hata kwenye uchungu. Mahali pasipofaa ni pale penye ubaridi: notisi ya kufukuza wapangaji, onyo la umeme, barua ya benki. Huko uso wake mwema unakuwa uongo, na watu wanaona.

8. Usiishie kwenye orodha ya fonti

Maumbo haya yamerudi kwa nguvu. Mwaka 2021 kampuni ya mikahawa ya Burger King ilirudia nembo iliyofanana na ile iliyoitumia kuanzia mwaka 1969, na ikaagiza herufi mpya za mviringo za kuendana nayo. Ukitaka kujifunza bila gharama, ipo Fraunces, fonti huria iliyochorwa na Phaedra Charles na Flavia Zimbardi kwa kuiangalia Cooper na ndugu zake. Ina vipimo unavyoweza kuvisogeza: unene, ukubwa, hata ulaini wa kona. Kaa nayo jioni moja, sogeza kipimo kimoja baada ya kingine, utaona kwa macho yako kile kilichonichukua miaka kukiona kwa brashi. Na kwa kazi ya mteja, soma leseni ya fonti kabla hujaiweka kwenye nembo yake. Nembo ikikua, maswali ya leseni huja.

Lakini usibaki kwenye kompyuta. Oz Cooper alichora maneno kabla ya kuchora alfabeti, na nadhani hiyo ndiyo siri ya herufi zake kukaa pamoja kama jamaa. Chagua jina la duka lililo karibu nawe, kinyozi au genge la mboga. Lichore kwa penseli, kubwa, kwa maduara, bila rula. Anza na matundu ya ndani, kisha yazungushie unene. Ukimaliza libandike ukutani, rudi nyuma hatua kumi, uangalie neno linaegemea wapi. Rekebisha herufi inayoegemea, si ile inayokuudhi. Kisha mpelekee mwenye duka, umwulize kama hiyo ndiyo sauti yake.